Nani alipima ziwa letu? Kutoka kamba ya Livingstone mpaka sonda yenye GPS



Mtu akisoma agronomia, watu wanamuuliza mambo ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mihogo. Lakini wale wa pembeni ya ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira, Baraka, Kalemie mpaka Moba, wako na swali lingine siku hizi: «Tukichangisha pesa tununue ile mashini moja inayoonyesha samaki chini na tena inaonyesha njia, tuchukue ya namna gani?» Ni swali la pesa nyingi. Bei inaanzia dola mia chache na inapanda mpaka elfu kadhaa, na bado hujalipa usafiri na duane. Mtu akikosea kuchagua, akiba ya msimu mzima imekwenda majini.

Kuko watu watakaokujibu kwa kukutajia marki na modeli. Mimi naona jibu linaanzia mbali kidogo, katika historia ya kupimwa kwa ziwa lenyewe. Ziwa letu limepimwa mara nyingi kwa zaidi ya miaka 160. Kila mara mpimaji alikuja, akapima, akaondoka na vipimo vyake. Waliobaki kuvua hawakuachiwa hata karatasi moja. Ile mashini ndogo ya leo inaweza kugeuza hali hiyo, lakini si kila mashini. Njo maana naomba tuifuate hii historia kwanza, halafu tutashuka mpaka kwenye butiki.

1. Watu walijua, ramani haikujua

Mwezi wa pili 1858, Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji. Walikuwa wanatafuta chanzo cha Nili. Swali lao kubwa kwenye Tanganyika lilikuwa moja: mto Rusizi, kule kaskazini, unatoka ziwani ama unaingia ziwani? Kama unatoka, pengine njo Nili yenyewe.

Walipanda mtumbwi mpaka Uvira. Pale, wana wa mfalme wa sehemu ile waliwaambia wazi kwamba Rusizi unaingia ziwani. Mtoto yeyote wa Uvira anajua hivyo hata leo, ni kuangalia tu maji yanaelekea wapi. Lakini jibu hilo halikufunga mjadala. Burton mwenyewe, akiwa amerudi Uingereza, alianza tena kutetea wazo kwamba mto unatoka. Ilibidi kungoja mpaka mwezi wa kumi na moja 1871, wakati Livingstone na Stanley walipopiga kasia mpaka kwenye mdomo wa Rusizi na kuona maji yanaingia. Miaka 13 ilipita kati ya jibu la wenyeji na jibu lililokubaliwa kwenye ramani.

Haikuishia hapo. Burton aliandika Ubwari kama kisiwa. Watu wa Fizi wanajua kwamba Ubwari ni rasi, imeshikana na nchi kavu. Speke naye alipima urefu wa ziwa juu ya usawa wa bahari kwa njia ya kuchemsha maji na kusoma kipimajoto. Akapata futi 1,844, maana yake kama mita 562. Ukweli unazunguka mita 770. Kipimajoto chake kilikuwa kimeharibika, na kosa la mita 200 likaingia katika vitabu na kusumbua mabishano ya Nili kwa miaka.

Sisemi haya kwa kuwacheka. Walikuwa wagonjwa, Speke alikuwa karibu haoni. Nasema hivi sababu ni somo la kwanza kwa mnunuzi: chombo kinatoa namba hata kama kimeharibika, na namba inaonekana nzuri kwenye karatasi. Mzee anayejua ule mwamba uko wapi asiachwe nyumbani kwa sababu mmenunua mashini.

2. Kamba iliyokatika

Mwezi wa saba 1869, Livingstone alikuwa anavuka ziwa kutoka Ujiji kuelekea upande wetu wa magharibi. Mbele ya mlima Kabogo, mahali maji yalikuwa meusi, alishusha kamba yenye risasi mwishoni. Kamba ilikwenda pima 326, karibu mita 600. Wakati wa kuivuta, ilikatika. Hakuona kama ile risasi ilirudi na mchanga ama matope, kwa hiyo hakujua hakika kama iligusa chini.

Fikirieni kazi ile: mita 600 za kamba iliyolowa, mikono ya watu ndani ya mtumbwi, upepo unasukuma pembeni hata kamba haishuki wima. Halafu mwisho wa jasho lote unapata namba moja, ya mahali pamoja. Ukisogea kilomita moja, hujui kitu tena. Na ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 650.

Baada ya Livingstone wengine walikuja. Cameron mwaka 1874 alikuta mto Lukuga, pale penye Kalemie ya leo, na kuutambua kama mlango wa maji kutoka. Stanley alizunguka ziwa lote mwaka 1876 na mashua yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kichwani na wapagazi. Katika miaka 1911 mpaka 1913, daktari mmoja Mbeleji, Louis Stappers, alifanya safari ya utafiti kwenye ziwa Moero na Tanganyika, akipima kina na kukusanya viumbe. Jina lake wavuvi hawalijui, lakini kila usiku wanalivuta kwenye wavu: mikebuka, ile Warundi wanaita mukeke, kwa kisayansi ni Lates stappersii. Samaki alipewa jina la mpimaji mwaka 1914.

3. Mwangwi unachukua nafasi ya kamba

Wakati Stappers yuko bado kwenye ziwa, jambo lilitokea mbali sana na hapa. Titanic iligonga barafu mwezi wa nne 1912. Wavumbuzi wakaanza kutafuta namna ya «kuona» majini kwa sauti. Mjerumani Alexander Behm alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1913. Reginald Fessenden alijaribu chombo chake mwaka 1914 na kupata mwangwi wa mlima wa barafu. Wakati wa vita ya kwanza, Mfaransa Paul Langevin alitumia jiwe la kwatzi linalotetemeka likipewa umeme, na linalotoa umeme likitetemeshwa. Kanuni hiyo ya Langevin njo iko ndani ya kichwa cha kila sonda inayouzwa leo. Tofauti ni kwamba leo wanatumia seramiki.

Mambo yake si magumu. Kichwa kinapiga sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inashuka, inagonga chini ama inagonga samaki, inarudi. Mashini inahesabu muda. Katika maji ya ziwa sauti inakimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde. Kwa hiyo hata mahali pa kina kuliko pote kwenye Tanganyika, kwenda na kurudi ni kama sekunde 2. Pale Livingstone aliumiza mikono ya watu na kupoteza kamba, mwangwi unaomba sekunde 2 tu, tena unarudia kazi bila kuchoka wakati boti inatembea.

Kwenye ziwa letu, kazi hiyo kubwa ilifanyika miaka 1946 na 1947, kupitia msafara wa Wabeleji wa utafiti wa maji na viumbe. Ndani yake kulikuwa Max Poll, mtaalamu wa samaki, na André Capart, aliyechora ramani ya kina iliyotoka mwaka 1949. Njo hapo ulimwengu ulijua vizuri kwamba chini ya Tanganyika kuko mashimo makubwa mawili: moja kaskazini lenye mita 1,310, lingine kusini lenye mita 1,470, upande wa milima yetu ya Marungu. Ni ziwa la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal.

Angalieni miaka. Mwaka 1948, wakati Capart anapanga vipimo vyake, ndugu wawili wa familia ya Furuno kule Nagasaki, Japani, walifanikiwa kutengeneza sonda ya kutafuta samaki kwa ajili ya wavuvi. Mashini za mwangwi za jeshi zilikuwa zimebaki baada ya vita. Wao wakaona kwamba zinaweza kuonyesha samaki kati ya uso wa maji na chini. Mvuvi wa Japani alipewa mashini mkononi. Mvuvi wa Kalemie alipimiwa ziwa lake, na ramani ikachapwa Brussels.

Vipimo viliendelea hivyo. Miaka 1983 na 1984, mradi PROBE wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, ulipiga mawimbi makubwa zaidi yanayoingia mpaka ndani ya matope, na kuonyesha kwamba chini ya maji kuko tabaka za udongo zenye unene wa kilomita kadhaa. Makampuni ya petroli yalipendezwa na habari hiyo kuliko wavuvi. Miaka ya 1990, mradi wa FAO uliolipiwa na Finland ulizungusha meli ya utafiti, Tanganyika Explorer, na mashini za mwangwi kuhesabu samaki. Kazi nzuri, watu wa kwetu pia walishiriki. Lakini tafuta leo mvuvi mmoja wa Baraka aliye na matokeo yale nyumbani mwake.

Sisi wa agronomia tunaijua hadithi hii vizuri. INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilichora ramani za udongo za Kongo zenye sifa mpaka leo. Tunazisoma kwenye masomo, tunafanya mtihani juu yake. Mkulima ambaye shamba lake limechorwa pale hajawahi kuiona ramani hiyo.

4. Kina cha ziwa si kina cha samaki

Hapa njo historia inaanza kukuokolea pesa.

Mnunuzi wengi wanasikia «mita 1,470» na wanafikiri wanahitaji mashini yenye nguvu ya kufika pale. Muuzaji anafurahi, sababu mashini ya nguvu vile, na kichwa chake kikubwa, inaweza kugharimu mara tatu ama zaidi. Lakini utafiti wote ule ulionyesha jambo moja wazi: maji ya Tanganyika hayachanganyiki mpaka chini. Oksijeni inaisha karibu mita 100 upande wa kaskazini, na karibu mita 200 upande wa kusini. Chini ya pale ni maji yasiyo na pumzi. Hakuna ndagala, hakuna mikebuka, hakuna kitu cha wavu.

Ndagala wenyewe mchana wanashuka, usiku wanapanda kufuata chakula chao. Njo sababu tunavua usiku na taa. Zamani wazee walitumia lusenga na moto wa kuni kwenye mtumbwi. Baadaye zikaja taa za mafuta ya kupampu. Miaka ya 1950 Wagiriki wakaleta nyavu kubwa za kuzungusha na boti za moteri, na mitumbwi miwili ya kuunganisha ikaenea. Leo ni taa za umeme na bateri. Vyombo vimebadilika, lakini samaki bado wanakuja katika ile ile sehemu ya juu.

Kwa hiyo mashini yako inahitaji kuona vizuri mita 150 za juu, 200 kwa wale wa Moba na kusini. Ukifika mahali pa mita 900 na sonda ikaanza kuangaza namba bila kuonyesha chini, haijaharibika. Umelipia kuona samaki, hukulipia kuona matope.

Wasomaji wa Bukavu na Goma msinune, nanyi mko ndani. Kivu ina mita 485, lakini sambaza, ambao walitolewa Tanganyika na kupandikizwa Kivu kati ya 1958 na 1960, wanaishi karibu mita 60 za juu tu. Chini yake hakuna oksijeni, kuko gesi ya metani na kaboni. Kwenu mashini ndogo inatosha zaidi kuliko kwetu.

5. Kujua uko wapi

Nusu ya pili ya mashini ni GPS, na historia yake ni fupi. Ni mali ya jeshi la Marekani. Satelaiti ya kwanza ilirushwa 1978. Mwaka 1983, ndege ya abiria ya Korea ilipotea njia, ikaingia anga ya Umoja wa Kisovyeti na kupigwa risasi. Baada ya msiba huo Marekani ikatangaza kwamba GPS itafunguliwa kwa raia wa dunia yote. Mfumo ulikamilika 1995, lakini jeshi lilikuwa linaharibu kwa makusudi alama ya raia, mtu anaweza kuonyeshwa mita 100 pembeni ya mahali alipo. Mwezi wa tano 2000 uharibifu huo ulizimwa. Tangu siku hiyo chombo cha bei ndogo kinakuweka ndani ya mita chache.

Jambo moja tulifute vichwani: GPS haikuli mega, haiombi mtandao, haiombi kulipia kila mwezi. Katikati ya ziwa, pale simu haina hata nukta moja ya mtandao, yenyewe inafanya kazi sawasawa.

Kwa nini hili ni jambo la uzima? Kwanza, upepo wa kusi wa kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, unaweza kukusukuma usiku kucha na taa zote za pwani zimepotea. Mashini inahifadhi mstari wa safari yako. Unaufuata kurudi, pole pole, bila kubahatisha esanse. Pili, mpaka. Tanganyika ni ya nchi nne, na mpaka wa majini hauna jiwe wala bendera. Kwenye ziwa Edward, wavuvi wa Kongo kutoka Vitshumbi na Kyavinyonge wamekamatwa mara nyingi na jeshi la Uganda, na mwaka 2018 wanajeshi wa majini wa nchi hizo mbili walipigana risasi kwenye ziwa lile. Mvuvi asiye na chombo hana namna ya kusema: «Mimi nilikuwa hapa.» Mwenye mstari uliohifadhiwa ana kitu cha kuonyesha. Hakumaanishi atasikilizwa, lakini hakuja mikono mitupu.

6. Sasa, tuchague

Nitaenda haraka pale jambo ni jepesi.

*Mawimbi.* Chukua sonda yenye kilohezi 200, ama ile ya kisasa inayopiga mawimbi mengi kwa pamoja kuzunguka hapo. Ukipata yenye 83 pia, ni vizuri, sababu inafungua pembe pana zaidi. Pembe ya digrii 20, kwenye kina cha mita 100, inaangalia duara la mita 35 tu. Ukijua hilo, hutasema «hakuna samaki» kwa kuangalia mahali pamoja. Zile za kilohezi 50 za kina kikubwa waachie watafiti.

*Picha za pembeni.* Muuzaji atakuonyesha picha nzuri sana kama foto ya chini ya maji. Zinasaidia pwani, kwenye maji mafupi, kutafuta miamba ama wavu uliopotea. Kwa ndagala wa ziwani hazikuongezei kitu. Usilipe.

*Kichwa cha sonda.* Boti zetu ni za mbao. Mtu asikudanganye eti utagundisha kichwa ndani na kitaona kupitia ubao. Njia hiyo ni ya boti za plastiki nzito isiyo na hewa ndani. Kwa mbao, tengeneza mti ama bomba pembeni ya boti, kichwa kizame sentimita 20 ama 30 chini ya maji, mbali na moteri, sababu mapovu ya moteri yanazuia sauti. Faida nyingine: ukifika pwani unakitoa na kulala nacho.

*Umeme.* Uliza mashini inakula ampea ngapi. Kama ni 1, basi usiku wa saa 10 unaomba ampea-saa 10, na bateri haipendi kumalizwa mpaka mwisho, kwa hiyo weka karibu mara mbili. Bateri ya pikipiki haitoshi. Usiunganishe na bateri moja ya taa: taa zikiimaliza, saa tisa usiku njia nayo imezimika.

*Kioo.* Inchi 7 kama pesa inaruhusu, sababu utakigawa nusu samaki, nusu ramani. Inchi 5 inafanya kazi lakini macho yanachoka. Kizuie maji kabisa, na mwanga wake upunguzike usiku.

*Mpangilio.* Ndani ya menyu kuko kuchagua maji ya chumvi ama maji ya ziwa. Weka maji ya ziwa. Na hakikisha menyu iko na Kifaransa. Mashini nyingine zimetengenezwa kwa soko la Marekani, zinakuja na maziwa ya kwao na lugha chache.

*Kusoma.* Kundi la ndagala linaonekana kama wingu. Mikebuka wanaowinda wanaonekana chini ama pembeni ya wingu, alama kubwa zaidi. Watu wamezoea kuona samaki kama upinde. Upinde huo unatokea wakati boti ama samaki anapita. Umetulia chini ya taa, samaki aliyesimama atakuchorea mstari mrefu. Usifikiri ni kasoro.

*Ramani.* Hapa simama, hapa njo kiini. Washa mashini dukani, ama omba foto, utafute Tanganyika. Mara nyingi utakuta doa la bluu tupu, na mstari wa pwani uliochorwa ovyo. Miaka yote ile ya kupima, na bado chombo unachouziwa hakijui kwamba mbele ya Ubwari kuko nini. Usikate tamaa, na usilipe zaidi kwa kadi ya ramani kabla hujaona kwa macho kwamba ziwa lako liko ndani na namba zake. Badala yake uliza swali hili: mashini inaweza kuchora ramani yangu mwenyewe? Kuko zinazofanya hivyo. Garmin wanaita Quickdraw Contours, Humminbird wanaita AutoChart Live, Lowrance nao wana Genesis Live. Boti inatembea, sonda inapima, GPS inaandika mahali, na mistari ya kina inajichora kwenye kioo na kuhifadhiwa. Safari baada ya safari, lile doa la bluu linajaa.

Kati ya mashini mbili za bei moja, moja ina nguvu zaidi, nyingine inachora na kuhifadhi: chukua inayochora. Na kati ya kubwa isiyohifadhi na ndogo inayohifadhi, bado chukua ndogo.

7. Mambo mashini haitafanya

Mwezi wa kumi na mbili 2014, meli Mutambala ilizama kwenye Tanganyika, watu zaidi ya mia moja wakafa. Mwezi wa kumi 2024, Merdi ilizama Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa Goma wakiangalia. Merdi haikupotea njia, ilikuwa imeona bandari. Kujaza kupita kiasi hakutibiwi na GPS. Kabla ya dola za mashini, kuko dola za majaketi ya kuokolea, na hizo zitoke kwanza.

Pia mashini inaweza kusaidia kumaliza samaki. Uvuvi wa nyavu kubwa ulioanza miaka ya 1950 upande wa kaskazini ulikuwa umeporomoka kufika miaka ya 1990. Nchi nne zilitia sahihi mkataba wa ziwa mwaka 2003, na mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa miezi 3, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Mwenye sonda anaona makundi ya wadogo mapema kuliko wengine. Anaweza kuyaacha, anaweza kuyazoa. Chombo hakitamchagulia.

Tena, eneo letu linajulikana. Kifaa chenye kioo na waya kwenye boti kinaleta maswali ya askari. Kabla ya kukifunga, pitia ofisi ya komiseri wa ziwa, uliza kama kuko karatasi, upate risiti, na utembee nayo.

Kwa kumaliza

Shirika la wavuvi likinunua mashini moja, liweke utaratibu tangu siku ya kwanza: kila mwisho wa mwezi kadi inatolewa, vipimo vinanakiliwa kwenye kompyuta ya mtu wawili tofauti, na mzee anayejua majina ya miamba anakaa pembeni kusema jina la kila mahali. Ziwa limepanda sana miaka hii, watu wa Uvira na Kalemie wanajua, nyumba zimeingia majini. Kina cha pwani cha mwaka 1947 si cha leo. Maana yake hata ramani ya Capart, ukiipata, inaomba kupimwa upya karibu na pwani. Kazi hiyo haihitaji tena msafara kutoka Brussels. Boti tano za Baraka zinazovua kila usiku zinaweza kuifanya kwa mwaka mmoja, bila kuongeza lita moja ya esanse.

Wale ambao tayari wana mashini hizi Kalemie, Moba ama Uvira, tuandikieni hapa chini: kichwa mmekifunga namna gani, bateri inashika saa ngapi, na kama ramani yenu imeanza kujaa. Sisi wenye lisansi tunaweza kusaidia kuunganisha vipimo vya boti mbalimbali viwe ramani moja. Hiyo tulifundishwa.